Mpaka Keki Zipoe

Jenifa, zima hiyo redio, kisha uache mlango wa jikoni wazi harufu iingie huku, maana ulimi wangu umekufa lakini pua bado ni yangu. Stanley, sogea, acha kukaa pale mlangoni kama mtu anayewahi basi la kurudi Mtera. Na wewe Ruthu, umeziepua? Ziweke dirishani, uzifunike kitambaa chepesi, vumbi la hapa Makole unalijua, halafu uje ukae hapa kitandani, upande wa mkono wangu huu wenye nguvu kidogo. Keki ndogo namna hiyo zinataka kama saa moja kabla ya kupakwa krimu, na mimi pumzi niliyo nayo nadhani ni ya saa moja hivyo hivyo, basi tutakwenda nazo sambamba. Mbukwenyi, wanangu, nawaamkia kwa Kigogo chetu. Nitakayosema sasa ni wosia wangu mimi Anyesi, mjane wa Sila aliyefanya kazi ya reli pale Zuzu, na nausema nikiwa na akili zangu zote. Jenifa, andika, na ukiona nimekosea usinirekebishe, wewe andika tu.

Nianze na vitu, maana vitu ni vyepesi kusema. Nyumba hii ni ya Jenifa, aliyeniogesha na kuninywesha uji tangu nilipotoka hospitali. Stanley, najua hutabisha, lakini nalitamka mbele yako ili kesho mjomba wenu asije akakutia maneno sikioni. Oveni ya gesi, mashine ya kupigia mayai na wateja wa maofisini wanaoagiza za iliki kila Ijumaa ni vya Jenifa pia. Shamba la zabibu la Zuzu mligawane nusu kwa nusu, ila ile mistari minne ya mwisho, iliyo upande wa reli, ambayo baba yenu aliipanda kwa mikono yake, hiyo ni ya Ruthu, kwa jina lake mwenyewe, si kwa jina la mumewe Stanley, na sababu nitaitaja. Zile trei mbili za matundu kumi na mawili, zilizobonyea pembeni, si zangu. Ni za Paulina jirani, nimekaa nazo tangu mwanawe alipopata kipaimara. Mrudishieni, mumwambie Anyesi anaomba radhi kwa kuzibonyeza, na anaomba radhi zaidi kwa kumwambia kila mwaka kwamba hazionekani zilipo. Usicheke, Jenifa, hata wewe uliapa kwamba hazionekani.

Imebaki ile sufuria nyeusi iliyo stoo, yenye mchanga ndani. Nyinyi mmekua mkaikuta oveni. Mimi niliyelelewa kwa ugali wa uwele na mlenda, nikaujua unga wa ngano nikiwa tayari msichana mkubwa, nilianzia katika sufuria hiyo: mchanga chini, vikopo vya maziwa vilivyokatwa vimekaa juu ya mchanga, mfuniko, na makaa ya moto juu ya mfuniko, nikajifunza kuzijua keki kwa harufu peke yake, kwa kuwa ukifunua kuchungulia zinabonyea katikati. Baba yenu alipofariki, keki za sufuria hiyo ndizo zilizowavalisha sare za shule. Nilianza na za iliki, zikafuata za ndizi na za karanga, na za ubuyu zikaja baadaye, na hizo za ubuyu, ule uchachu ukikutana na krimu tamu, ndizo zilizonipa jina hadi wakubwa wakawa wanatuma madereva hapa mlangoni. Nikaitwa fundi. Nikazoea kuitwa fundi, wanangu, nikazoea mno, na ubaya wangu wote ulianzia hapo.

Jenifa, nipe maji. Kidogo tu. Inatosha.

Stanley aliponiletea habari kwamba anaoa, mimi nilikuwa tayari nahesabu mayai kichwani. Kisha kamati ya harusi wakaja kukaa kwenye makochi yale pale, wakanywa chai yangu, wakaniambia kwamba keki ataoka bibi harusi mwenyewe, tena si moja kubwa ya ghorofa bali ndogo ndogo, kila mgeni na yake, za ladha nne. Nilisikia moto kifuani. Binti wa Upareni, baba yake karani aliyehamia hapa na ofisi yake juzi, msichana aliyejifunza kuoka kwenye simu, anayepaka krimu kwa kuiminya kwenye mfuko ikatoka kama ua, ndiye aoke harusi ya mwanangu, na mimi nipo hai? Swali moja dogo, kwa nini, lingetosha siku ile, nao wangenijibu, na sikuliuliza. Nilitabasamu. Nikawaongeza chai.

Siku mbili kabla ya harusi nikajifungia nikaoka mia moja na ishirini. Jenifa, uliponisaidia kubeba maboksi uliniuliza kama Ruthu anajua, nikakuambia anajua, ndiye aliyeniomba. Ruthu, sikia hili mbele ya mumeo, kwa sababu miaka tisa umemtazama wifi yako kama mwizi: Jenifa hakujua kitu. Nilimdanganya. Yeye alipanga keki zangu kwenye meza za upande wetu akidhani anakusaidia, na ndugu zangu wakala, wakashiba, na zako zikabaki zimesimama na maua yake, nzi wakizizunguka. Niliziona zimebaki, na nilifurahi. Nalisema kama lilivyo, sitalipaka sukari.

Kisha likaja lile. Mnajua desturi yetu siku hizi: bibi harusi anakuja na keki kwenye sahani, anapiga magoti, anamlisha mkwe wake mbele ya ukumbi mzima, vigelegele vinapigwa, na mkwe akifungua kinywa ndiyo amempokea. Mshereheshaji akaniita kwa jina, nikaenda. Ukapiga magoti, Ruthu, na gauni lile jeupe, ukashika uma, na keki iliyokuwa kwenye sahani haikuwa na ua wala rangi, imepakwa kwa kisu, kama ninavyopaka mimi. Hilo niliona. Niliona kabisa kwamba imepakwa kama ninavyopaka mimi, na bado nikachukua kile kipaza sauti nikasema, "Mimi keki nimeshakula, nimekula ya kwangu." Watu wakacheka. Walidhani ni utani wa mkwe, wakapiga makofi, na mimi nikacheka nao. Wewe ukabaki umepiga magoti, uma uko juu. Stanley akautwaa uma ule, akakila kile kipande yeye, akakunyanyua, wala hakunitazama. Tangu siku hiyo mwanangu huja peke yake kila Krismasi, ananiamkia vizuri, anakunywa chai, keki haigusi.

Mwaka uliofuata ndipo Paulina, aliyekuwa kwenye kamati, alipochoka kuninyamazia. Akaniambia kwamba Stanley ndiye aliyekataa nisioke: alisema mama amesimama mbele ya moto tangu baba afariki, siku hiyo nataka akae kwenye kiti, alishwe. Na akaniambia kwamba keki ile ilikuwa ya zabibu, moja peke yake, haikuwa miongoni mwa zile nne, kwamba Ruthu alikwenda Zuzu kuchuma kwenye mistari ile minne ya Sila, kwamba aliirudia krimu yake mara nyingi, na aliposhika sahani aliwaambia, "Namwogopa mama kwa sababu yeye anajua, lakini nataka anionje, anisahihishe."

Anisahihishe. Mimi, wanangu, krimu ya zabibu ilinishinda. Hamkuwahi kulijua hili. Nilijaribu maisha yangu yote, kwa sababu ya baba yenu na mizabibu yake, na kila nikitia maji ya zabibu kwenye siagi inakatika, maji huku, mafuta kule, naimwaga kabla Jenifa hajaamka. Nikamuuliza Paulina, hiyo krimu ilikuwa imekatika? Akasema ilikuwa laini, Stanley alilamba uma. Basi binti aliyejifunza kwenye simu alikuwa ameniletea kwenye sahani kitu nilichokitafuta miaka thelathini, akapiga magoti kunipa, nami nikakataa kufungua kinywa.

Mtauliza kwa nini sikwenda kuomba radhi siku ileile. Niliona haya, na haya yangu nikaivalisha hasira ili isionekane. Lakini nilikwenda, Ruthu. Miaka mitano iliyopita, nilioka boksi moja la iliki, nikapanda basi, nikashuka Mtera, nikaulizia nyumba za wafanyakazi wa bwawa, nikafika mpaka kwenye geti lenu. Nilikuwa nimeshanyanyua mkono kubisha hodi. Ndipo nikasikia sauti yako uani, "Anyesi! Anyesi, njoo ule!" na mtoto wa kike wa miaka kama mitatu akatoka nyuma ya pipa la maji akikimbia kuja kwako, ukampa kitu mdomoni, akafungua kinywa chote. Stanley alikuwa ananiambia mtoto hajambo, na mimi kwa kiburi sikuwahi kuuliza jina. Jina langu. Baada ya yote yale ulimpa mwanao jina langu. Nikaushusha mkono. Niliona nikiingia nitakuwa nimekuja kuchukua tena kitu ambacho sikukistahili. Nikarudi barabarani, boksi nikawagawia akina mama wanaouza samaki wa perege, wakanishukuru sana, nikalia ndani ya basi mpaka mjini. Hilo ndilo kosa langu la pili, nalo ni kubwa kuliko la kwanza, kwa sababu la kwanza nililifanya kwa hasira, na hili nililifanya nikiwa nimetulia.

Sasa miale ile ya hospitali, ya kuchoma uvimbe huu, imeniondolea ladha. Uji, chai, dawa, vyote ni kitu kimoja. Msiseme ni adhabu, sitaki mahubiri ya namna hiyo msibani kwangu. Ni uvimbe tu, na madaktari walijitahidi. Lakini keki ile sitaijua. Hata Ruthu akiioka mara mia, mlango umeshafungwa, na niliufunga mwenyewe ulipokuwa wazi. Ndiyo maana asubuhi mlipofika nilisema sitazungumza neno mpaka Ruthu aingie jikoni na zabibu zile za Zuzu. Mlidhani bikizee anadeka.

Nimechoka. Ngojeni kidogo.

Ruthu, nenda ukazipapase kitakoni. Kama hakuna joto hata kidogo, zipake. Jenifa nilimfundisha hilo tangu mdogo, subiri, subiri, krimu haikai juu ya moto, na mimi mwenyewe sikuweza kusubiri nikapoa siku moja ya maisha yangu. Nenda. Mlango uko wazi, utanisikia.

Andika, Jenifa. Sufuria nyeusi na mchanga wake ni ya Ruthu. Oveni atanunua yoyote, lakini sufuria hiyo ndiyo nilikotoka, na yeye ndiye aliyefika nilikotaka kufika. Daftari langu la vipimo ni lenu wote wawili, mkae nalo kwa zamu. Ya zabibu haimo humo. Ya zabibu ni yake, akipenda atakufundisha, asipopenda usimnunie. Mnizike Zuzu, karibu na Sila. Siku ya kumaliza msiba, Ruthu na Jenifa waoke pamoja, jiko moja, meza moja, na mgeni yeyote asijue ipi ni ya nani. Mkiulizwa, semeni ni ya nyumbani.

Stanley, mwanangu. Baba yako angefanya ulichofanya. Angeutwaa uma. Nilipaswa kukwambia miaka tisa nyuma.

Mungu aliyenipa mikono awape nyinyi masikio. Mvua yetu ni chache, iwakute mmeshapanda. Mtoto Anyesi... mleteni aione mizabibu. Mlango wa nyumba hii usifungwe kwa yeyote kati yenu. Nimewabariki. Wote. Nimewabariki.

Umekuja? Usipige magoti. Hapana, nimesema usipige magoti, wewe umeshapiga yako. Kaa. Ni ile? Ya kisu, bila ua... Naiona. Laini. Haijakatika hata... Uliifanyaje? Ahaa, unasema unachemsha kwanza maji ya zabibu mpaka yawe mazito kama asali. Halafu yapoe. Kumbe ni kupoa tu. Kumbe.

Kata kidogo, koo ni jembamba. Sitasikia ladha, mwanangu, usisubiri nikusahihishe. Stanley atanisimulia.

Usiniite mama. Niite kama pale uani. Usiogope desturi ya kutomtaja mkwe kwa jina, mwenyewe nimekuruhusu. Anyesi, njoo ule. Sema.

Kwa sauti, mwanangu. Niko mbali kidogo.

Haya... nakuja. Nimefungua.