Eustace Cassell na Maji ya Paa

Leo ni Ijumaa, tarehe 30 Mei 2025. Eustace Cassell anastaafu baada ya miaka ishirini na saba katika karakana yetu ya gata, mifereji ya maji ya paa, hapa Antigua. Ni karibu miaka ile ile aliyokaa mbali na Montserrat, tangu majivu ya mlima wa volkano yalipofukia kijiji chake, Kinsale. Mwezi mzima swali karakanani limekuwa moja: sasa atarudi? Dada yake, Verlyn, amejenga upande wa kaskazini wa kisiwa kile, uliosalimika, na amemwekea chumba.

Alikuja na ustadi wa bati na hofu moja. Kwetu Montserrat, wingu jeusi likitanda, mtu alikimbia kuchomoa bomba linaloshusha maji ya paa tangini, majivu yasije yakaingia kwenye maji ya kunywa. Mwaka wake wa kwanza hapa, akifunga gata kwa Bi. Ianthe Benjamin, wingu likatanda, naye akachomoa bomba. Kumbe ni mvua, ya kwanza baada ya ukame mrefu. Yote ikaishia barabarani.

“We kaka, umelewa? Tunaomba mvua tangu Krismasi, wewe unaimwaga!”

“Samahani, mama. Nilidhani ni majivu.”

“Majivu? Hapa tunapikia gesi!”

Wenyeji walicheka wiki nzima. Sisi tuliotoka naye Montserrat hatukucheka.

Eustace alirudi kwa Bi. Ianthe na ombi: paa lake liwe mahali pa kujaribia kinga za gata, za kuzuia majani na uchafu, kila upande wa nyumba kinga yake na pipa lake. Sponji ilizuia majani makubwa, lakini vijani vya mkwaju vilijikita ndani vikaoza, maji yakanuka. Brashi ndege waliinyofoa wakajengea viota. Kifuniko kizima kilitelezesha majani vizuri, ila mvua kubwa iliruka juu yake ikamwagika nje. Anayenywa maji ya paa hawezi kumudu hasara hiyo. Wavu wa chuma wenye matundu madogo, uliolazwa kufuata mteremko wa paa, ndio uliofaa. Nao unataka ufagio, na hakumficha mteja yeyote: “Kinga isiyosafishwa, mama, bado haijazaliwa.” Nyumba nyingi za hapa zinakunywa maji safi kwa sababu ya mapipa yale manne.

Pasaka hii alikwenda kukitazama chumba. Alisema kuzuri, samaki tele, dada anampenda. Verlyn alimsihi, “Kaka, utazoea.”

“Nimeshazoea mahali pamoja, dada,” alimjibu. “Mara ya pili siwezi.”

Ahsante, Eustace, kwa kila paa. Tunakuombea afya, usingizi mzuri na mvua za kutosha.

Kwa wale wanaoendelea kuuliza: hatarudi.