Matunda ya Tambiko katika Chumba cha Okidi: Maisha ya Dkt. Tseng Pi-yun (1953–2023)

Dada yangu, Dkt. Tseng Pi-yun, alizaliwa tarehe 9 Machi 1953 huko Qishan, kifungua mimba wa wakulima wa ndizi. Mimi, Ching-tien, nilimfuata miaka minne baadaye. Kabla hajafariki alinipa masharti mawili kuhusu wasifu huu ninaousoma leo mazikoni mwake: nisimpambe kwa sifa, na nisiruke habari za kazi yake hata ndugu wakinuna. Baadhi wameshanuna.

Nyumbani tulivundika ndizi katika chumba kilichofungwa, tukiwasha udi ndani ili ziive upesi. Akiwa na miaka minane alimuuliza mama, "Ndizi haina pua, inajuaje udi umewashwa?" Mama akamjibu, "Wewe unayo pua, mbona husikii harufu ya wali unaoungua?" Wali ulikuwa umeungua kweli.

Alimaliza sekondari Kaohsiung mwaka 1971, akapata shahada ya elimu ya mimea Taichung mwaka 1975 na udaktari Japani mwaka 1983. Swali lake halikubadilika. Moshi wa udi, sawa na tunda linaloiva, hutoa gesi iitwayo ethilini, na mmea huinasa kwa protini maalumu ndani ya seli. Gesi isipokuwapo, protini hiyo haipumziki. Huzuia amri ya kuiva na kunyauka. Ikiinasa gesi, hunyamaza na amri ikapita. "Ni kama mama mkwe," alizoea kunitania. "Akinyamaza tu, ujue mambo yameharibika."

Mwaka 1980 aliolewa na Ko Wen-hsiung, mwalimu wa hesabu, aliyefariki mwaka 2014. Walijaliwa binti mmoja, Shu-fen.

Kuanzia 1984 alifanya kazi katika kituo cha utafiti wa maua, Tainan, akitafuta okidi ambayo protini yake hainasi gesi, ili ua lake lidumu. Mwaka 1989, tarehe kumi na tano ya mwezi wa saba kwa kalenda yetu, wafanyakazi walitandika meza uani kuitambikia mizimu isiyo na jamaa. Jua lilikuwa kali. Matunda ya tambiko yakaingizwa katika chumba baridi cha okidi yasiharibike kabla ya kugawanywa, yakasahauliwa humo siku mbili. Vyungu arobaini na viwili vikanyauka maua. Mkuu wa kituo akamgeukia mfagiaji, Bi. Liao Chin-lien.

"Ni wewe! Au unataka kuniambia wataalamu wangu ndio wafanye ujinga huu?"

"Mkuu, sijagusa hata tunda moja."

Alifukuzwa asubuhi ile ile, mbele ya wote.

Aliyeyaweka matunda ni dada yangu. Alikuwa amesimama pale pale, akanyamaza. Mchana akaona kwamba chungu cha arobaini na tatu hakijanyauka. Ndiyo okidi aliyoitafuta miaka mitano. Ilimpa jina, cheo na medali iliyo pale mezani, na kadiri jina lilivyokua ndivyo kusema kulivyomwia vigumu. Jambo hili lilinichoma nilipolisikia, na bado linanichoma.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2020. Agosti mwaka huu aliniita akanieleza yote. Nikamwambia, "Dada, si umwandikie barua tu?"

"Barua ataisoma peke yake," akasema. "Mimi nilimwacha aaibike mbele za watu."

Alifariki nyumbani kwake Tainan tarehe 21 Oktoba 2023, akiwa na miaka sabini.

Juma lililopita nilikwenda Madou kwa Bi. Liao, ambaye sasa ana miaka themanini na mmoja. Nilieleza yote huku yeye akimenya balungi.

"Nilijua," akasema. "Nilimwona kwa macho yangu akiyabeba. Ningesema, nani angemsikiliza mfagiaji? Wewe kasome hayo mazikoni, mdogo wangu. Tena usome kwa sauti, maana masikio yangu mazito."

Marehemu ameacha binti yake Shu-fen, wajukuu wawili, na mimi mdogo wake.

Bi. Liao Chin-lien yupo nasi hapa leo. Yale matunda hakuyagusa. Dada, limesemwa, sasa pumzika kwa amani.