Noelene Tregear na Bwawa la Miambani

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni Clive, mdogo wake marehemu, familia imenituma nisome, na nitasoma yaliyotokea, siyo yanayopendeza.

Marehemu Noelene Maud Tregear alizaliwa tarehe 2 Februari 1951 hapahapa Corrin Point, mtoto wa kwanza wa mchimba makaa ya mawe, akasoma hapa hadi 1966, akaingia kiwanda cha nguo, chumba cha kutia nguo rangi, alikofanya kazi miaka ishirini na miwili, na sigara alivuta hadi 1986. Tarehe 20 Aprili 1974 alifunga ndoa na Vic, wakajaliwa Janine na Scott, na Vic akatutoka mwaka 2009.

Tangu 1978 aliogelea kila Jumapili ya majira ya baridi na klabu ya bwawa la miambani, lile linalojazwa na maji ya bahari, na leo nimewasikia watu hapo mlangoni wakinong'ona, "Kuogelea kote kule, na saratani ikampata." Daktari alituambia wazi, mazoezi yanapunguza hatari, hayafungi mlango, na ile rangi na zile sigara hazikuwa mchezo. Alisema pia kwamba mwili uliozoea mazoezi hustahimili kisu, na kweli, siku ya pili baada ya upasuaji dada alikuwa anatembea wodini.

Kibofu kilitolewa tarehe 9 Juni 2016, akawekewa mfuko wa mkojo tumboni, na nesi Imelda akamfundisha kuufunga, akamwambia, "Mama, rudi majini."

Alirudi Jumapili, tarehe 7 Mei 2017. Neville Prosser, mwenyekiti wa klabu, uliyekaa safu ya pili hapo, ulimzuia kwenye ngazi za kushukia majini ukamwambia, "Bibie, hapa siyo chooni." Akakujibu mbele ya watu, "Neville, wangu uko kwenye mfuko. Wako huwa unauacha wapi?" Watu walicheka, na wiki iliyofuata kamati yako ikamfuta kwenye mashindano, ikamruhusu kuogelea ninyi mkishatoka.

Basi majira sita ya baridi aliingia peke yake, ninyi mko ndani ya jumba la klabu mnakunywa supu, mimi nimeshika taulo, akitoka midomo imegeuka bluu na anacheka, na siku hizo alikula akalala kama mtu mwenye afya, wakati wiki alizokaa kwenye kochi alikuwa kivuli. Mfuko haukuvuja hata tone.

Saratani ilirudi mwaka huu, mapafuni, akafariki nyumbani kwake Ijumaa, tarehe 18 Agosti 2023, watoto wake wakiwa pembeni.

Tunawashukuru madaktari, nesi Imelda, wenzake wa kiwandani waliobaki, na jirani yetu Bi Dragica Petrovska, aliyemletea supu aliyoipika mwenyewe hadi kwenye ngazi. Klabu imeleta shada, limepokelewa kama shada, siyo kama ombi la msamaha.

Mmeomba kushindana Jumapili ijayo kwa heshima yake. Shindaneni, ila saa moja asubuhi Janine na Scott watamwaga majivu ya mama yao majini, palepale kwenye ngazi, nanyi mtangoja juu na mataulo yenu mpaka dada amalize. Safari hii yeye anaingia wa kwanza.

Pumzika sasa, dada, umeogelea vya kutosha.