Rael Nanyama: Ugonjwa Wake Una Jina

Kamati ya mazishi ilitaka iandikwe kwamba marehemu aliugua kwa muda mfupi. Muda mfupi gani? Rael Nanyama aliishi na skizofrenia kwa miaka kumi na tisa. Bintiye, Ivyne, amesema iandikwe hivyo hivyo, ingawa wazazi wa mchumba wake wameketi hapa safu ya pili na mahari bado haijazungumzwa. Basi tusikilizane.

Rael alizaliwa tarehe 14 Mei 1974 huko Misikhu, Bungoma. Alimaliza darasa la nane mwaka 1988, akajifunza ushonaji Webuye, kisha mwaka 1994 akaja Nairobi kwa dada yake Jacklyne, anayewasomea haya, pale Waithaka. Alipata kazi katika duka moja la nguo katikati ya mji, akishona blauzi za sari. Mabibi harusi wa Kihindi wakawa wanamuulizia kwa jina, na wenye duka wakanuna.

Agosti 1997 alifunga ndoa hapa Uthiru na Zedekiah Oyoo, fundi mjenzi. Mungu akawajalia Ivyne.

Mwaka 2006 alianza kusikia sauti. Wapo waliosema amerogwa, na wapo waliomfungisha kula kwenye maombi mpaka akaanguka. Hospitali ilimpa vidonge, sauti zikapungua, lakini usingizi ukagoma kabisa. Ndipo mteja wake mmoja, Bi. Harshida, tabibu wa Ayurveda, ile tiba ya kale ya Wahindi, alipomwita kliniki yake Ngara. Alimuuliza analala saa ngapi, anakula nini, nani nyumbani anampigia kelele. Akampangia chakula cha moto kwa saa zake, na kukandwa miguu kwa mafuta ya simsim kila jioni. Kisha akagonga meza: "Mama, mafuta hii ni ya kusaidia wewe kulala tu. Dawa ya hospitali iko palepale. Ukiacha ile, mimi usinione!"

Rael akaanza kulala. Akarudi kwaya. Basi Zedekiah, kwa furaha tu, akamwaga vidonge chooni. "Si umepona, Mama Ivyne?" Jamani! Mwezi haukuisha. Rael alikata blauzi ya bibi harusi vipande vipande akisema kitambaa kimetiwa sumu, akatoka pekupeku hadi Waiyaki Way, akasimama mbele ya malori. Zedekiah alimkimbilia huku analia, akamkumbatia palepale barabarani hadi madereva wakazima injini.

Tangu siku hiyo Zedekiah mwenyewe ndiye aliyempa vidonge asubuhi, na jioni akapasha mafuta akamkanda. "Mikono yako ni msasa, wewe!" Rael alilalamika, na miguu haiondoi. Sauti hazikuisha zote, asiwadanganye mtu. Ila alijua kuzinyamazia, na alishona hadi Mei mwaka huu.

Tarehe 3 Juni 2025 alifariki hospitalini kwa nimonia. Si mafuta ya Mhindi, si vidonge, si uchawi. Mnaonong'ona nje ya hema, mmesikia.

Ameacha mume, Zedekiah, binti, Ivyne, dada, Jacklyne, na mkwe, Quincy Kilonzo wa Mountain View, mchumba wa Ivyne. Jina la Quincy kamati ililifuta juzi, ili wazazi wa Quincy wapate nafasi ya kufikiria, na nafasi ya kuondoka bila aibu. Quincy alikwenda kwa mpiga chapa wa karatasi hii akalirudisha. Leo asubuhi, mlangoni pa mochari, baba yake alimuuliza kama anajua anachokioa. "Ninamuoa Ivyne, Baba," alisema, "na akiugua, nitamkanda miguu."

Quincy, inuka, mwanangu. Njoo ushike jeneza la mama mkwe wako.

Na wewe Rael, lala. Mungu akupe usingizi wenye amani.