Mlinzi wa Kufuli

Mimi na birika langu la kahawa hatujahama. Ni uzio wa reli mpya uliokuja kutukuta hapa. Wenye mkopo, wageni waliokopesha pesa za reli, walitaka uzio, ukawekwa, zahanati ikabaki ng'ambo. Daraja la kuvukia liko mbali mpaka pikipiki inalalamika. Kuna kimlango cha chuma hapa mgongoni kwangu, kina kufuli, na kufuli lina mlinzi, tunamwita Kufuli. Kutwa yuko benchini kwangu na wenzake wawili: Bendera, mstaafu wa reli ya zamani, na Waziri, ambaye hajawahi kuwa chochote ila hapitwi na redio.

— Enzi zetu, akaanza Bendera, mgonjwa akitaka kuvuka, napunga nyekundu, treni inasimama. Bosi wangu stesheni masta, basi.

— Kwani sasa hayupo? nikamuuliza.

— Yupo. Ila hata choo hafungui mpaka mkandarasi akubali.

— Na mkandarasi anaomba ruhusa kwao, akadakia Waziri. Mkataba unasema mlango ukifunguliwa, riba inapanda.

— Uliusoma wewe?

— Ni siri, bibi. Ningeusoma wapi? Ndiyo maana najua.

— Diwani je?

— Alikuja, akasema Kufuli. Nikamwambia aende mamlaka ya reli. Mamlaka wakamwambia aje aniulize mimi.

— Ukamjibuje?

— Aende mamlaka.

Waziri akashusha sauti:

— Mnahangaika bure. Wizara yenyewe imeshahamia kwa wenye mkopo. Hapa wamebakiza jengo na mfagiaji.

— Na bendera juu, nikaongeza.

— Ya kukodi hiyo.

Tukacheka kivivu, cheko la watu waliokwisha kuchoka.

Ndipo akatokea mke wa mjukuu wangu, tumbo limeshuka, mkono kiunoni.

— Shikamooni.

— Marahaba, mke mwenzangu. Keti.

— Nikiketi sitainuka, bibi. Nauliza tu: uchungu ukinishika, nani atanifungulia?

Bendera akamtazama Waziri. Waziri akamtazama Kufuli.

— Mimi nalinda kufuli, dada, akasema Kufuli. Ufunguo ni idara nyingine.

— Idara gani?

Kufuli akaninyooshea kikombe nimwongezee.

— Kahawa imekwisha, nikamwambia.

Birika lilikuwa bado zito mkononi.