Taa ya Kidevuni

Benchi lenyewe ni ubao uliolazwa juu ya matofali, kati ya mlango wa kinyozi na mlango wa studio ya picha, na anayeinuka bila kuaga humwangusha aliyebaki. Alasiri ile walikuwapo wale wale: Kinyozi, asiye na wateja ila ana maoni, Daktari, anayetibu simu, si watu, na Mheshimiwa, aliyegombea udiwani akapata kura za nyumbani kwake, ukiondoa ya mkewe. Birika lilikuwa juu ya makaa, na muuza kahawa alisikiliza kwa sikio moja, kama kawaida yake. Aliyesimama ni dada mwenye studio, maana hasira ilimkatalia kukaa. Kijiwe kinamwita Kaa-Hivyo, kwa kuwa neno lake kwa kila mteja ni hilo: kaa hivyohivyo, usitikisike, mpaka shingo ya mtu ikakamae. Leo shingo iliyokakamaa ilikuwa yake.

— Eti nimpige upya, tena leo leo, — alisema. — Nikikataa, ukoo mzima haukanyagi tena studio yangu, na harusi ya binti yao mdogo nisahau. Mimi, niliyepiga nusu ya harusi za mtaa huu.

— Nani kasema? — Kinyozi akauliza.

— Mama wa bwana harusi wa juzi. Kamtuma mwanawe na picha, yeye mwenyewe hata kuja hakuja. Anasema mwanamke huyu si yeye.

Akaitupa picha ubaoni. Wakaiinamia wote watatu. Alikuwa mama wa makamo, kasimama wima katika nguo za harusi. Kivuli cha pua yake kilikuwa kimepanda mpaka kwenye paji, matundu ya pua yaking'aa kama taa za gari, na ukutani nyuma yake kivuli cha kilemba kilifika darini, utadhani mtu wa pili aliyekuja kumkaba.

— Alikuwa anaumwa? — Daktari akauliza kwa upole.

— Mzima kama mimi. Ndivyo alivyo. Kamera haimpendi mtu wala haimchukii, inachukua kilichopo.

— Mimi nyuso ndiyo kazi yangu, — Kinyozi akasema. — Huyu ana kinyongo. Ukimnyoa huyu, wembe unapata kutu.

Daktari hakuwa akitazama picha tena. Alikuwa akiitazama kamera shingoni kwa Kaa-Hivyo, na chuma kilichofungwa chini yake, kikatokeza kushoto, kikapinda kwenda juu, na kichwani kikabeba flashi.

— Dada, hilo dude ni la nini?

— Hilo dude ni mkono wa flashi, na umenigharimu kuliko hicho kibanda chako. Zamani flashi ilikaa juu ya kamera. Nikiigeuza kamera isimame, ili mtu aingie mzima, flashi inabaki ubavuni, kivuli kinaangukia ukutani pembeni yake. Watu wananiuliza, huyu wa pembeni nani, mbona hatukumwalika. Ndiyo nikanunua mkono. Muuzaji aliniapia kwamba mabingwa wote wanatumia huu.

— Huo huo mmoja?

— Kuna mwingine unaozunguka. Kamera ikigeuka, unaizungusha flashi inabaki juu. Ila ni mzito, kubeba siku nzima unateguka kifundo. Nikachukua huu.

— Hapo ndipo ulipokosea. Ungechukua wa kuzunguka.

— Ungenibebea wewe?

— Wote hamjui, — Kinyozi akasema. — Kidole kimoja hakivunji chawa. Weka flashi mbili, moja kila bega, kama mbawa.

— Nipige picha au niruke?

Mheshimiwa akakohoa, kikohozi cha jukwaani.

— Wahenga walisema, kivuli cha mvumo huwafunika walio mbali. Maana yake, ungemsogelea.

— Hiyo siyo maana yake, Mheshimiwa, — Daktari akasema.

— Maana yake inategemea na mahali. Lakini mimi naona kubwa zaidi. Hebu tazameni, chuma kimetokeza kushoto. Kwa nini kushoto? Hivi ni vya watu wa mashoto. Huko kwao mashoto wamepungua, viwanda vimejaa vyuma, wakasema wapelekeeni wale, hawatajua. Tumegeuzwa jalala, ndugu zangu, na tumenyamaza.

Hata Kaa-Hivyo, ambaye siku zote humcheka, safari hii alijikuta akiitikia kwa kichwa. Ilimpoza kidogo, hiyo ya viwanda. Alikuwa akiikaza skrubu ya mkono kwa ukucha mtu alipobisha hodi ya mdomo.

— Habari za hapa.

Ni mama mmoja, mkoba begani, anahema kwa jua. Uso wa duara, vishimo viwili mashavuni.

— Nzuri, mama, karibu ukae hapa kati, — Kinyozi akasema, akisogea mpaka ncha ya ubao. — Ila ukitaka kuinuka, uage kwanza. Ubao huu una hila.

— Shikamoo mama, — Kaa-Hivyo akasema, jicho kwenye skrubu.

— Marahaba.

Akaketi kati ya Kinyozi na Daktari, akapewa kahawa. Mheshimiwa, huko ncha ya pili, aliona mpiga kura.

— Mama, wewe umetoka mbali, huna upande. Tuamulie. Huyu kapigwa picha, katoka kama alivyo, sasa anataka kumharibia binti wa watu kazi. Ni haki?

Mama akaipokea picha. Akaitazama sana.

— Mmejuaje kwamba ndivyo alivyo?

— Kamera haidanganyi, mama, — Kaa-Hivyo akasema.

— Kinyongo kitupu hicho, — Kinyozi akaongeza.

— Akikutokea gizani, — Daktari naye, — unamwachia nyumba na funguo.

Mama akakiweka kikombe chini polepole.

— Basi na mimi nina swali dogo. Huyu mmemtazama mpaka birika linakaribia kwisha. Nilipokaa hapa, nani kati yenu alinijua?

Muuza kahawa akainua kichwa, akatega na sikio la pili. Kinyozi aliitazama picha, akamtazama mama, akainuka bila kuaga. Ubao ukazama upande wa pili, na Mheshimiwa akajikuta chini, kikombe cha kahawa kifuani.

Kaa-Hivyo aliinua macho kutoka kwenye skrubu. Siku ile uso ule ulikuwa na poda ya harusi, naye aliuona kupitia kitundu cha kamera. Tangu juzi, mama huyo alikuwa ni ile picha tu.

— Nilikwambia siku ile, mwanangu. Ulipiga goti, taa ikaniingia puani. Nikakwambia, taa hii inanimulika kidevu. Ukasema, mama, kaa hivyohivyo. Nikadhani ndio ufundi wa siku hizi.

Kaa-Hivyo alitaka kuwataja wale mabingwa wa muuzaji. Mikono ilimtangulia. Aliinua kamera, akaigeuza isimame kama alivyoigeuza tangu kamera yake ya kwanza: mkono wa kulia juu, wa kushoto chini. Chuma cha kushoto nacho kikashuka, na flashi ikakaa chini ya kidevu chake mwenyewe, tayari kumulika kutoka chini. Akaitazama. Akairudisha, akaigeuza upande wa pili, kulia chini, kiwiko kimebana ubavu, vidole vikipapasa kitufe kama vya mgeni. Flashi ikapanda juu ya utosi wake.

— Kumbe si wa mashoto, — Mheshimiwa akasema kutoka chini. Kaa-Hivyo alikwisha mgeukia mama.

— Samahani, mama. Naomba usimame pale, mbali kidogo na ukuta.

— Taa iko juu?

— Iko juu.

— Basi leo ukae hivyohivyo wewe, — mama akasema. Akamuaga Daktari, Daktari akaushika ubao, ndipo akainuka.