Nehorai Amedi, Aliyeondoa Nyama Kwenye Harusi ya Bintiye

Marehemu Nehorai Amedi alizaliwa tarehe 11 Machi 1944 mjini Zakho, kaskazini mwa Iraki, akiwa kitinda mimba wa mzee Hayo na mama Naze. Mwaka 1951 familia ilihamia Yerusalemu, ikaishi kwenye mahema ya wahamiaji ya Talpiot. Huko alisoma shule ya msingi, kisha akaingia chuo cha Torati hadi 1963.

Mwaka 1965 aliajiriwa kusimamia majiko ya wauza chakula wa soko la Mahane Yehuda yafuate kosher, sheria ya chakula ya Kiyahudi: nyama iwe na muhuri wa mchinjaji, isikutane na maziwa, na mboga zisiwe na wadudu. Wenye migahawa walimtania, "Nehorai akimaliza kukagua kabichi, hubaki bakuli tu."

Tarehe 7 Septemba 1967 alimwoa Rachama, wakajaliwa watoto watatu. Kifungua mimba, Tirtza, aliolewa tarehe 12 Juni 1991, na karamu ikafanyika kwenye mgahawa wa mjomba wake, Shabtai, kaka yake Rachama. Nehorai alipita jikoni kama kawaida yake, akakuta nyama isiyo na muhuri.

"Shemeji, wageni wameshakaa!" Shabtai alimsihi. "Bucha letu liliishiwa, nikachukua kwa mwingine. Namwamini. Fumba jicho moja tu, ni bintiyo anaolewa."

"Wageni hawa hawakukuuliza kitu, Shabtai. Wameniona nipo, wakakaa."

"Sasa utawalisha nini? Aibu?"

"Mikate, saladi na matunda. Aibu nitaimeza mimi."

Akaiondoa nyama, akakibandua cheti cha kosher ukutani. Bibi harusi alilia. Rachama alibaki katikati ya mume na kaka. Shabtai alisafisha jiko lake upya, akarudishiwa cheti na msimamizi mwingine, lakini kwa karibu miaka sita hakukanyaga kwa dada yake.

Januari 1997 mama Naze alifariki. Kwa desturi yetu, mlo wa kwanza baada ya mazishi mfiwa hali chakula chake, huletewa. Aliyeingia na sufuria ya dengu na mayai ya kuchemsha alikuwa Shabtai.

"Kagua kwanza," Shabtai alisema, bado amesimama.

"Leo mimi ni mfiwa. Keti, shemeji, uniandalie."

Akala, akaongezwa.

Marehemu alistaafu mwaka 2011. Mwaka 2015 figo zilianza kumsumbua, na Shabtai ndiye aliyempeleka kusafishwa damu kila wiki, wakibishana njia nzima. Alifariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 14 Novemba 2017, akiwa na umri wa miaka 73, na anazikwa leo hii katika makaburi ya Givat Shaul.

Ameacha mjane, Rachama. Watoto, Tirtza, Elnatan na Osnat. Wajukuu kumi na mmoja. Na shemeji yake Shabtai, ambaye ndiye atakayetuletea chakula leo.

Nafsi yake ifungwe katika furushi ya uhai, alale salama.